Je, Wajua? Mashujaa wa umeme wa Ruvuma huvaa shela

Katika filamu za kubuni za kisayansi, mara nyingi anayeokoa jahazi ni mhandisi. Tony Stark wa Iron Man (2008) anaunda chanzo cha nishati akiwa mateka pangoni. Shuri, binti mfalme wa Wakanda katika Black Panther (2018), ndiye anayebuni vazi la vita la kaka yake.

Mkoani Ruvuma kuna kisa cha kweli ambacho, kwa maoni yangu, kinastahili filamu yake. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes, Chipole, waliamua kujenga kituo cha umeme. Tena si kijenereta cha kuwashia taa za kanisani! Kituo chao cha Tulila, kwenye Mto Ruvuma, kina uwezo wa megawati 5 na kilianza kazi mwaka 2015. Maji ya mto yanazungusha turbini, turbini zinazungusha jenereta, na umeme unauzwa kwa TANESCO.

Uzito wa jambo hili anaujua aliyeishi Songea enzi zile. Gridi ya taifa ilikuwa haijafika. Njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako ilikamilika mwaka 2018. Kabla ya hapo mji ulitegemea sana mitambo ya dizeli, na mafuta yake yalisafirishwa kwa malori kutoka mbali, masika na kiangazi. Kwa hiyo kila uniti iliyotoka Tulila ilipunguza dizeli ya kuchomwa mjini.