Kiharusi: Kuokoka na Kupona Ni Mambo Mawili

Kiharusi hutokea pale sehemu ya ubongo inapokosa damu, ama kwa kuwa mshipa umeziba, ama kwa kuwa umepasuka. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006 ulionyesha kwamba, tofauti za umri zikisawazishwa, watu wapatao 316 katika kila 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mwaka katika sehemu iliyochunguzwa ya Dar es Salaam, na wapatao 109 wilayani Hai.

Achukuliwe kwa mfano mvuvi wa Miburani, kisiwani Mafia, aliyepooza upande wa kulia na kulazwa katika hospitali ya wilaya, Kilindoni. Baada ya siku chache shinikizo la damu limeshuka, naye anazungumza. Aghalabu jamaa hutaka kumchukua mara moja: kukaa hospitalini kuna gharama, na nyumbani ipo mikono ya kumtunza. Hoja hizo zina uzito, lakini kuokoka siko kupona.

Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Hata hivyo, zilizosalia huweza kuunda viungano vipya na kushika baadhi ya kazi za zile zilizopotea. Hujifunza kwa kurudiarudia, na maendeleo huwa ya kasi zaidi katika miezi mitatu ya mwanzo. Hapo ndipo ilipo faida ya utengemao wa wodini, yaani kumrejeshea mgonjwa uwezo wake angali amelazwa. Muuguzi humgeuza asipate vidonda vya malazi, na hupima umezaji wake kabla ya kumlisha, maana chakula kikiingia mapafuni huleta nimonia. Mtaalamu wa tiba ya viungo humfundisha kuketi, kusimama na kutembea. Mwenzake wa tiba kwa kazi humzoeza kuvaa, kutawadha, na hata kufunga kamba kama afanyavyo chomboni.

Majaribio ya nchi mbalimbali yamethibitisha kwamba wagonjwa waliotunzwa na kikundi cha namna hiyo katika wodi maalumu walifariki wachache zaidi, na wengi zaidi walirudi nyumbani wakijitegemea, kuliko waliotunzwa katika wodi za kawaida. Kwa upande mwingine, jaribio la India lililotangazwa mwaka 2017 liliwafundisha jamaa kuwazoeza wagonjwa nyumbani. Matokeo yao hayakuwa bora kuliko ya wagonjwa waliopata huduma ya kawaida tu. Mapenzi ya jamaa ni ya lazima, bali hayashiki nafasi ya mtaalamu.

Kwa mkazi wa kisiwani hesabu hii ni nzito zaidi. Akipewa rufaa kwenda bara, kila safari ya kurudi kwa mazoezi ni safari ya bahari. Siku zinazoonekana kupotea wodini ndizo zinazoweza kumwepusha na miaka ya kulishwa na kubebwa.

Darasani, mwalimu anaweza kuonyesha msingi wa jambo hili. Mwanafunzi aandike jina lake kwa mkono asioutumia, mara 20 kila siku kwa majuma mawili, kisha alinganishe karatasi ya kwanza na ya mwisho. Mkono utakuwa ule ule. Kilichobadilika ni ubongo unaouongoza. Mvuvi yule naye hujifunza kwa njia hiyo hiyo, ila kwa taabu kubwa zaidi, na kwa hiyo anahitaji mwalimu karibu yake.