Seva Haitibiwi kwa Kitufe

Swali limekuja tena wiki iliyopita, safari hii kutoka Kendu Bay. Kabla yake lilitoka Rongo, na kabla ya Rongo lilitoka Mbita, na maneno yake hayabadiliki: "Injinia, mfumo unakwama kila siku. Nikizima seva nikaiwasha, inakubali. Si uniandikie ile amri ya kroni iwe inajiwasha upya yenyewe saa tisa usiku?"

Siiandiki. Nimekataa mara nyingi kwa simu, na leo nakataa kwa maandishi ili atakayeuliza kesho apate na sababu zake.

Seva ninazozungumzia ni hizi za Linux zilizo chini ya meza katika vituo vya Migori na Homa Bay. Nyingi ninazokutana nazo zina Ubuntu, na zile za hospitali na zahanati zimebeba KenyaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa uliojengwa juu ya OpenMRS. Tomcat ndiyo inayouendesha na MySQL ndiyo inayotunza rekodi. Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu kabisa cha maambukizi ya VVU nchini. Mama anayekuja kliniki kuchukua ARV akitokea Mfangano amepanda boti alfajiri na amelipa nauli. Mfumo ukilala, anakaa kwenye benchi hadi mtu apekue makabati ya karatasi, na majibu ya kipimo chake cha wingi wa virusi yamefungiwa ndani ya mashine. Ndiyo maana sina subira na habari ya kitufe cha kuzima na kuwasha.

Hata hivyo, watu hawaamini kitufe bure. Wamekiona kikifanya kazi, na ni lazima tueleze wameona nini.

Chukua diski iliyojaa. Tomcat huandika logi zake katika faili iitwayo catalina.out, na kama hakuna aliyepanga izungushwe, hukua bila kikomo. Siku diski inafika asilimia mia, MySQL haina pa kuandika na mfumo unaganda. Kijana mwerevu anaifuta faili ile kwa rm, anapima tena kwa df -h, na diski bado imejaa. Anachanganyikiwa. Kumbe Linux hairudishi nafasi ya faili iliyofutwa mpaka programu iliyoifungua iiachie, na Tomcat bado imeishikilia. Anabonyeza kitufe, Tomcat inakufa, nafasi inarudi, mfumo unafunguka. Anatoka hapo akisema kitufe ndiyo dawa. Angeiwasha upya Tomcat peke yake kwa systemctl restart angepata nafasi ileile bila kuigusa MySQL wala kumkatiza mtu mwingine anayeitumia mashine hiyo.

Chukua memori. Mtu ameipa Java sehemu kubwa mno, MySQL nayo inataka yake, na mashine ina gigabaiti nne tu. Memori ikiisha kabisa, kiini cha Linux huchagua programu ya kuua, na kwa kawaida huangukia ile inayokula zaidi. Hapa ni Java au MySQL. Baada ya kuwasha upya, memori ni tupu na kila kitu kinakimbia, mpaka foleni ya asubuhi ijae. Kesho yake ni hadithi ileile, saa ileile, na bado hakuna anayejiuliza kwa nini saa zinafanana.

Au chukua mpangilio wa kuwaka. Tomcat inaamka kabla ya MySQL kuwa tayari, inagonga mlango, haifunguliwi, inakata tamaa. Ukiizima na kuiwasha mara ya pili, bahati inaangukia upande mwingine. Mtu anaita hiyo tiba.

Katika hali zote tatu chanzo kiko palepale, na mwenye mashine ameondoka akiwa na imani yenye nguvu zaidi kuliko aliyokuja nayo.

Sasa gharama yake. Kuna kituo kimoja upande wa Ndhiwa, jina lake nalihifadhi, ambako nilikuta seva imebandikwa plasta ya hospitali juu ya kitufe, na juu ya plasta kumeandikwa kwa kalamu ya wino mzito: BONYEZA HAPA MFUMO UKIKWAMA. Wino ulikuwa umefutika katikati kwa vidole. Dada wa rekodi aliniambia kwa utulivu kabisa, "Injinia, hiyo ndiyo dawa tuliyoachiwa." Aliyewaachia alikuwa pia ameweka mstari wa kroni wa kuwasha mashine upya kila usiku saa tisa kamili.

Nikaomba kuona nakala za akiba. Zilikuwepo, moja kwa kila usiku, zimepangwa kwa tarehe, na yeyote angezitazama angeridhika. Nikafungua mwisho wa moja. mysqldump ikimaliza kazi salama huacha mstari wa mwisho wenye maneno "Dump completed". Haukuwepo. Nikafungua ya siku iliyotangulia, kisha ya wiki iliyotangulia. Zote zilikatika katikati ya jedwali, moja katikati ya neno. Kazi ya kunakili ilipangwa kuanza saa nane na nusu usiku. Wagonjwa walipokuwa wachache iliisha mapema. Rekodi zilipoongezeka ikaanza kupita nusu saa, na saa tisa ikifika mashine inajizima juu yake. Kwa miezi kadhaa kituo kile hakikuwa na hata nakala moja nzima, na hakuna aliyejua, kwa sababu mfumo ulikuwa "unakubali" kila asubuhi.

Diski ingekufa wiki ile, rekodi za dawa za miaka zingekwenda nayo. Niulizeni tena kwa nini siandiki mstari ule.

Kitufe chenyewe ni kibaya kuliko kroni, maana kroni angalau huiaga mashine kwa utaratibu. Ukiamuru kuzima, systemd, msimamizi wa huduma za Linux, huitumia kila huduma ishara ya kufunga kazi, kwa kawaida huisubiri sekunde 90, na ikikaidi ndipo huiua. Ukishikilia kitufe hadi mashine izimike, hakuna anayeagwa. InnoDB, injini ya kawaida ya MySQL, imejengwa kuvumilia kifo cha ghafla: huandika kila badiliko katika daftari lake kwanza, na ikiamka hulisoma daftari hilo na kurekebisha majedwali. Kazi hiyo inaweza kuchukua dakika kadhaa kwenye diski ya zamani. Usiku wa 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu Kenya nzima, seva nyingi ziliamka zikiwa na kazi hiyo mbele yao. Anayeona ukurasa haufunguki na kubonyeza tena, anairudisha kazi mwanzo. Akibonyeza mara tatu, ameirudisha mara tatu. Na kama kuna majedwali ya zamani ya MyISAM, hayo hayana daftari la kuyaokoa. Yanaweza kuharibika, na huenda ukalazimika kuyatengeneza kwa mkono.

Swali sahihi ni moja, na huulizwa huduma yenyewe, si mashine nzima: wewe unafanya kazi sasa, na je, umepangwa kuamka mashine ikiamka? Hayo ni mambo mawili. systemctl start huiwasha huduma sasa hivi na haiahidi lolote kuhusu kesho. systemctl enable huipanga iamke na mashine, lakini kwa sasa haiiwashi. Nusu ya simu ninazopokea baada ya stima kurudi zinatokana na mtu aliyefanya la kwanza akasahau la pili. Nyingine zinatokana na Tomcat iliyofunguliwa kutoka kwenye faili ya zip na kuwashwa kwa startup.sh. Hiyo systemd haiijui kabisa. Iandikie faili yake ya huduma ndani ya /etc/systemd/system, na huo ndio mwisho wa fumbo.

Mengine nayasema mbiombio, kwa sababu ni mepesi ukishaachana na kitufe. Mfumo ukikwama, andika systemctl --failed uone nani ameanguka, kisha systemctl status na jina lake. Soma maneno yake kwa journalctl -u, ukiongeza -b -1 kama mashine imeshazimwa na unataka habari za kabla ya hapo. Habari hizo zitapatikana tu kama folda ya /var/log/journal ipo. Isipokuwepo, logi hukaa kwenye memori na kila ukizima unafuta ushahidi wako, kwa hiyo iunde leo. Pima df -h na free -h. Kubadilisha mipangilio ya huduma tumia systemctl edit, ambayo huweka mabadiliko yako pembeni. Ukihariri faili iliyo ndani ya /lib, sasisho lijalo litaifuta. Kwa systemctl edit hiyo, iambie Tomcat After=mysql.service pamoja na Wants=mysql.service, yote mawili, kwa sababu la kwanza hupanga foleni tu na la pili huita tu. Ongeza Restart=on-failure na RestartSec=30. Bila muda huo wa kupumua, huduma inayoanguka mara tano ndani ya sekunde kumi huachwa na systemd, na utaona ujumbe kwamba ombi limerudiwa haraka mno. Huo si ugonjwa mpya. Ukihariri faili kwa mkono, fuata na systemctl daemon-reload. Zungusha catalina.out kwa logrotate, kwa chaguo la copytruncate. Punguza -Xmx ya Java ibakishie MySQL nafasi. Huduma usizozitumia, zizime kwa disable --now. UPS iunganishwe na seva kwa waya wake wa USB na programu ya NUT, ili betri ikikaribia kuisha mashine ijifunge kwa adabu. UPS isiyozungumza na seva huchelewesha tu anguko. Kila asubuhi tazama mstari wa mwisho wa nakala ya akiba.

Kuwasha mashine upya kuna wakati wake. Kiini cha Linux kikisasishwa, utawasha upya. Na kuna wakati mwingine ninaoupendekeza mwenyewe: Jumamosi alasiri, kliniki imefungwa, nakala ya akiba nzima iko kwenye diski ya pembeni. Andika sudo reboot, kisha weka mikono mapajani. Usiguse kibodi. Kama baada ya dakika chache ukurasa wa kuingia umefunguka wenyewe kwenye kompyuta ya chumba cha dawa, kazi imekamilika, na plasta ile unaweza kuibandua. Usipofunguka, una Jumamosi nzima ya kuandika systemctl --failed, na hakuna mama wa Mfangano anayekungoja kwenye benchi.