Je, Wajua? Maktaba Iliyopakwa Kauri

Mfinyanzi Mwingereza Edmund de Waal ni mwandishi pia. Kitabu chake cha mwaka 2010, The Hare with Amber Eyes, kinafuata nyayo za ukoo wake wa Kiyahudi, ulionyang'anywa mali na Wanazi mjini Vienna, vitabu vikiwemo.

Mwaka 2019, huko Venice, aliunganisha fani zake mbili. Alijenga chumba, akapaka kuta zake za nje udongo wa kauri ulioyeyushwa kama uji, kisha akaandika juu yake majina ya maktaba zilizopotea duniani: Aleksandria, Ninawi, Aleppo. Ndani alipanga vitabu karibu 2,000 vya waandishi waliolazimika kuzihama nchi zao, kutoka enzi za Warumi hadi leo. Na vilikuwa vya kusomwa hasa! Mgeni aliketi, akafungua kile kilichomgusa, akaandika jina lake kwenye kikaratasi kilichobandikwa ndani ya jalada.

Baada ya maonyesho katika British Museum, London, vitabu hivyo vilitolewa kwa maktaba ya Chuo Kikuu cha Mosul, Iraki, iliyokuwa imeteketezwa vitani, majina ya wasomaji yakiwa bado ndani.