Fahamu: Kompyuta ikivamiwa na programu ya matapeli

Skrini inajaa onyo jekundu: kompyuta ina virusi, piga namba hii. Usipige. Maonyo halisi ya Microsoft hayana namba ya simu.

Zima Wi-Fi. Mara nyingi kelele hizo ni arifa tu ulizoziruhusu bila kujua; zifute kwenye mipangilio ya Chrome, pamoja na viendelezi usivyovitambua. Ondoa programu ngeni, hasa za kuendesha mashine kwa mbali. Kisha fungua Microsoft Defender, uchague ukaguzi wa nje ya mtandao: mashine itajizima na kujiwasha upya, kisha ikaguliwe kabla Windows haijaamka. Nywila zibadilishe kwa simu, ukianza na barua pepe.

Virusi hurudi kwa njia ileile. Uwe Umoja au Kayole jijini Nairobi, flashi iliyotoka saiba ikaguliwe kabla ya kufunguliwa. Office iliyokrakiwa unayowekewa kwa bei ya chai ni ghali kuliko unavyodhani. Na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama 14 Oktoba 2025.

Umeshawatumia matapeli pesa kwa M-Pesa? Peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla hazijatolewa.