Hii Theluji ya Lini?

Bibi yangu wa Kidia, Old Moshi, aliishika simu kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na uso kama afanyavyo anaposoma Biblia, akaikazia macho picha yangu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Nilikuwa nimeamka saa kumi na moja alfajiri kwenda kuipiga, na mchana kutwa nilikaa nikiiediti. Nilikuwa nasubiri sifa.

“Hii theluji ya lini, mjukuu wangu?”

“Ya leo asubuhi, Bibi.”

Aligeuka kutazama upande wa mlima, juu ya migomba, ingawa saa hizo Kibo ilikwisha kujifunika mawingu. Kisha akanirudishia simu. “Leo asubuhi na mimi nilikuwepo,” akasema, akaendelea kuchambua maharage.

Nilichofanya katika programu ya kuhariri picha kilikuwa kidogo sana: kusogeza kidole mara tatu. Sehemu nyeupe ziwe nyeupe zaidi, ukali uongezeke, ukungu upungue. Lakini kipande cha wingu kilichokaa begani mwa mlima kikageuka barafu, na mawe makavu ya kijivu chini yake yakang'aa kana kwamba yamenyeshewa theluji usiku. Sikukusudia kudanganya. Nilitaka tu mlima ufanane na ule niliokuwa nao kichwani, ule wa kalenda na wa chupa ya bia.

Kwa aibu ile ndipo nilipoanza kujifunza kamera kwa dhati, na jambo la kwanza nililokutana nalo ni kwamba kamera haioni kitu. Inahesabu. Nyuma ya lenzi kuna kipande cha silikoni chenye mamilioni ya visima vidogo. Mwanga ukiingia kisimani huamsha elektroni, elektroni hizo huhesabiwa, na hesabu hiyo ndiyo picha. Rangi haimo, kwa sababu silikoni haijui tofauti ya nyekundu na buluu. Mwaka 1976 Bryce Bayer, mhandisi wa Kodak, alipata hataza ya mpangilio ambao hadi leo umo katika simu na kamera nyingi: kila kisima kifunikwe kichujio cha rangi moja, na katika kila visima vinne, viwili viwe vya kijani, kimoja chekundu, kimoja cha buluu. Kijani kilipewa nusu kwa kuwa jicho la binadamu huona vyema zaidi mwanga wa kijani. (Kwa anayepiga picha kihambani, katikati ya migomba, kahawa na magimbi, ni kama Bayer alituwaza sisi.) Maana yake ni kwamba kila nukta ya picha imepima rangi moja tu, mbili nyingine kompyuta imezikisia kwa kuangalia majirani. Kwa hiyo kabla sijagusa kitu, theluthi mbili za rangi za Kibo yangu zilikuwa makisio.

Kisha kuna suala la mwanga kiasi gani. Kipimo cha mwanga ndani ya kamera kimefundishwa kuamini kwamba dunia, kwa wastani, ni ya kijivu. Ukikielekeza kwenye theluji kitaona imezidi, kitaifubaza iwe kama majivu. Ukikielekeza kwenye uso mweusi wa bibi aliyekaa barazani, kitaona umepungua, kitaupaka nuru hadi afanane na mgonjwa. Dawa yake ni ndogo: ongeza mwanga kidogo kwa theluji, punguza kidogo kwa uso wa Bibi. Ila kwa picha yenye vyote viwili, kivuli cha migomba mbele na kilele kilichopigwa na jua nyuma, hakuna kipimo kimoja kitakachotosha. Kisima kikifurika kimefurika. Theluji iliyoungua na kuwa nyeupe tupu haina siri yoyote ya kurudishwa. Ndiyo sababu wanaojua hupiga faili ghafi badala ya JPEG. JPEG ina ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Faili ghafi la biti 14 lina ngazi 16,384. Pima kwa ajili ya theluji, kivuli utakiinua baadaye.

Kati ya baraza la Bibi na Kibo kuna zaidi ya kilomita 20 za hewa, na hewa nayo inapiga picha. Molekuli zake hutawanya mwanga wa buluu zaidi ya mara nne kuliko mwekundu, na buluu hiyo iliyotawanyika huja kukaa kati yako na mlima kama pazia. Ule mstari wa kupunguza ukungu katika programu hujaribu kulikisia pazia hilo na kulitoa. Haujui lipi ni pazia na lipi ni wingu la kweli.

Wakati nao una kauli. Alfajiri hewa baridi huteremka na mlima hubaki wazi. Jua likipasha miteremko, hewa yenye unyevu hupanda kupitia vihamba na msitu, hupoa, huwa mawingu. Mara nyingi kabla ya saa tano Kibo imekwisha kufungwa. Kuna pia jambo lililonichukua mwaka mzima kuling'amua. Sisi tuko kusini mwa mlima. Mwezi Juni jua la mchana hupita kaskazini yetu, hivyo uso wa Kibo unaotutazama hupata mwanga hafifu zaidi na lenzi yako inaelekea upande wa jua. Desemba jua hupita kusini, uso huo humulikwa moja kwa moja. Mlima uleule, baraza lileile, lakini picha ya Desemba itaapa kwamba theluji imeongezeka.

Na kuna watu wanaohitaji kujua kama imeongezeka kweli. Ubishi kuhusu weupe huo ni wa zamani. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyetembea kutoka pwani, aliona weupe kileleni akaandika kuwa ni theluji. Mjini London mwanajiografia William Desborough Cooley alikataa katakata: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Rebmann hakuwa na picha, alikuwa na macho tu. Mwaka 1871 Charles New aliondokea hapa hapa Moshi ya zamani, kwa mtawala wake, Mangi Rindi, akapanda hadi ukingo wa theluji. Mwaka 1912 Fritz Klute na Eduard Oehler waliupiga mlima picha kutoka vituo vilivyopimwa, na kutokana na picha hizo ikachorwa ramani. Ramani hiyo ndiyo inayotuambia kwamba wakati ule barafu ya Kibo ilikuwa takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 ilikuwa chini ya 2.

Nilisema barafu, si theluji, na hapo ndipo swali la Bibi lilipokuwa na meno. Theluji huanguka usiku mmoja, inafunika kilele chote, na jua la siku chache huimaliza. Barafu ni ile ya miaka na miaka. Picha ya mlima mweupe wote inayozunguka WhatsApp ikisema barafu imerudi huwa imepigwa, mara nyingi, asubuhi baada ya mvua. Lakini barafu huitegemea theluji. Theluji mpya hurudisha angani zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoipiga, hivyo huikinga barafu iliyo chini yake. Barafu kuukuu yenye vumbi hunywa mwanga mwingi zaidi. Mwanasayansi Douglas Hardy, aliyeweka kituo cha hali ya hewa kwenye barafu ya kaskazini ya Kibo mwaka 2000, na wenzake kama Georg Kaser wameonyesha kuwa kule juu wastani wa joto uko chini kabisa ya sifuri, na sehemu kubwa ya barafu inayopotea hugeuka mvuke bila kupita kwenye maji; ukame na uhaba wa theluji mpya umeitesa tangu mwishoni mwa karne ya 19. Kwa maneno mengine, weupe ndio kipimo. Na ule mstari niliousogeza kwa kidole unaitwa Weupe.

Simu za sasa hata hazisubiri kidole. Mwaka 2023 mtu mmoja alipiga picha ya mwezi uliofifishwa kwa makusudi kwenye skrini ya kompyuta, na simu ya Samsung ikamrudishia mwezi wenye mashimo ambayo hayakuwepo pale. Simu ilijua mwezi unavyopaswa kuwa. Sioni kwa nini isijifunze Kibo vilevile, maana picha za kalenda ni nyingi kuliko za kweli.

Siku hizi nasimama kwenye kona moja ya baraza, kitako cha simu kwenye nguzo ileile, lenzi ileile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Faili ghafi naliacha jinsi lilivyo; nikitaka kuchezea rangi, nachezea nakala. Picha ghafi ni mbaya, nakiri: ya kijivu, imefifia, mlima kama umechoka. Juzi nilimpelekea Bibi mojawapo. Nilimfundisha kuikuza kwa vidole viwili, akaikuza, lakini hakwenda kileleni. Alishuka pembeni, penye paa la jiko lililoingia kwenye fremu kwa bahati mbaya, akakaza macho.

“Hilo bati limeachia,” akasema. “Kamwite fundi.”