Kobero: Kiingereza unacho, karatasi je?

MWALIMU anayetoka Gitega kutafuta kazi Tanzania hupitia Karuzi na Muyinga, kisha akafika mpakani Kobero. Ng'ambo ni Kabanga, wilayani Ngara. Safari si ndefu. Kazi kubwa ni karatasi.

Wengi wetu tuliosomea Ulyankulu, Katumba na Mishamo tulifuata mtaala wa Tanzania, sekondari kwa Kiingereza. Tuliporudi tulikuta shule zinafundisha kwa Kifaransa. Ndiyo maana shule binafsi za ng'ambo zinatuvutia.

Nikiwa Muyinga, mama mmoja muuza mchele aliniuliza: “Mwalimu, mimi navuka kwa lesepase kila wiki. Wewe unashindwa nini?”

Nikamjibu: “Mama, wewe unauza na kurudi. Mimi nikishika chaki nimeshaajiriwa.”

Hapo ndipo wengi hukwama. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki Julai 1, 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ikaanza kutumika Julai 1, 2010. Raia wa Jumuiya haombi viza ya kuingia. Lakini ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya kazi.

Kwa mujibu wa itifaki hiyo, mwenye mkataba unaozidi siku 90 anatakiwa kuombewa kibali cha kazi. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2015 kuhusu ajira za wageni. Mwombaji ni mwajiri, naye lazima aonyeshe kwamba alitafuta Mtanzania mwenye sifa akamkosa. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miaka 2, na kinaweza kuongezwa. Baada yake hufuata kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji.

Kwa hiyo, anayekuahidi kibali kabla hujapata shule anakula fedha zako.

Mimi nilikwama kwenye jina. Cheti changu cha Kidato cha Nne kina jina langu na la baba, kama ilivyo desturi ya Tanzania. Pasipoti ina majina niliyoandikishwa Burundi. Karani aliniuliza: “Hawa ni watu wawili?” Nikaenda kutafuta hati ya kiapo. Niliporudi nayo, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa na mwingine.

Anayetaka kuondoka aanzie nyumbani. Alinganishe majina kwenye kila karatasi, na hati ya kiapo aitafute mapema. Vyeti vya Kifaransa avipeleke kwa mfasiri anayetambulika. Aliyesoma sekondari Burundi aombe ulinganifu wa cheti Baraza la Mitihani la Tanzania. Na asiingie darasani kabla kibali hakijatoka, hata mwenye shule akimwambia “anza tu”. Ukaguzi ukija, atakayerudishwa Kobero ni mwalimu.

Yule mama alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa.

“Kumbe mchele wangu unavuka kwa karatasi chache kuliko wewe, Mwalimu!”