Kubonyeza Si Kugusa: Istilahi za Kiwambo cha Mguso

Miongoni mwa vyombo vilivyoingia nchini katika miaka ya karibuni, ni vichache vilivyoisumbua lugha yetu kama simu na vishikwambi vinavyoendeshwa kwa kidole juu ya kioo. Chombo kimekwisha kuenea, lakini maneno ya kukifundishia bado yanagongana. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi kioo hicho kinavyofanya kazi, kwa kuwa yamkini nusu ya ugomvi wa maneno hutokana na kutokijua kitu chenyewe.

Tuanzie Lamadi, mji wa biashara katika Wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, mahali ambapo barabara ya kwenda Bariadi inaachana na ile ya Mwanza na Musoma, karibu na Ghuba ya Speke. Huko tulimkuta mama muuza dagaa akijaribu kufanya malipo kwa simu, vidole vikiwa bado na maji. Kijana aliyekuwa akimwelekeza alisema, "Bonyeza, mama, bonyeza kwa nguvu." Mama akabonyeza hata ncha ya kidole ikabadilika rangi. Simu ikanyamaza kwanza, kisha ikaleta orodha ya amri asizozihitaji, mojawapo ikiwa ni ya kufuta. Kijana alidhani simu ni mbovu, na mama alidhani kosa ni lake. Kwa maoni yetu, kosa lilikuwa la kitenzi.

Viwambo vya namna hii si vipya kama wengi wanavyodhani. E. A. Johnson, aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa rada huko Malvern, Uingereza, alichapisha maelezo yake ya kwanza mwaka 1965, akiwa na nia ya kuwasaidia waongozaji wa ndege. Tangu hapo zimetokea njia kadhaa, lakini mbili ndizo zinazomhusu zaidi mtumiaji wa kawaida.

Njia ya kwanza hutumia tabaka mbili zinazopitisha umeme, zilizotenganishwa kwa nafasi ndogo mno. Tabaka ya juu ni laini. Kidole kinapoikandamiza, hubonyea na kukutana na ya chini, na mashine hutambua mahali zilipokutana. Hapa nguvu inatakiwa, na hata kalamu isiyo na wino au kipande cha kijiti huweza kufanya kazi.

Njia ya pili ndiyo iliyomo katika simu nyingi za leo. Chini ya kioo kuna utando mwembamba wa madini, unaopenya mwanga na kupitisha umeme, wenye chaji ndogo. Mwili wa binadamu nao hupitisha umeme. Kwa hiyo kidole kinapokaribia, chaji ya mahali pale hubadilika, na badiliko hilo ndilo linalopimwa. Kioo hakibonyei hata kidogo. Kijiti kikavu hakisaidii, wala kidole kilichovikwa kitambaa kinene. Maji, kwa kuwa yanabadilisha chaji vilevile, huichanganya mashine. Hata mkulima wa pamba mwenye sugu kavu vidoleni huweza kuona simu haimtii. Aidha, anayekandamiza kwa nguvu aghalabu hukawia kuinua kidole, na mashine huyachukua makawio hayo kuwa amri nyingine kabisa. Hilo ndilo lililompata mama wa Lamadi. Alipofuta kidole kwa khanga, akagusa kidogo na kuinua, malipo yalikwenda.

Sasa tuyatazame maneno. "Bonyeza" ni kutia nguvu mpaka kitu kiingie ndani. Lilistahili vitufe vya simu za zamani, na linastahili kiwambo cha namna ile ya kwanza. "Bofya", ambalo asili yake ni kulijaribu tunda kwa kidole kuona kama limeiva, lilizoeleka katika kompyuta kwa ajili ya kitufe cha kipanya, na huko tuliache. Kwa kioo kisichobonyea, kitenzi ni "gusa". Kila abonyezaye amegusa kwanza, lakini si kila agusaye hubonyeza. Kwa sababu hiyo tunapendekeza "kiwambo cha mguso" liwe jina la jumla, na chini yake "kiwambo cha mbonyezo" na "kiwambo cha chaji".

Kuhusu "kiwambo" chenyewe, wapo wanaopendelea "skrini". Hatuna ugomvi nao. Walakini "kiwambo" kimetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma, na tabaka laini ya juu inayongoja kukandamizwa haiko mbali sana na picha hiyo.

Matendo mengine hayana shida kubwa: telezesha, buruta, gusa na kushikilia. Kwa kukutanisha vidole viwili ili picha ipungue, "finya" linafaa, kwani tayari lina maana ya kubana na ya kufanya kitu kiwe chembamba. Kinyume chake ni "panua". Umma, kwa ucheshi wake, umeziita simu hizi "za kupangusa". Jina ni zuri sokoni. Lakini mwongozo ukiandika "pangusa kiwambo", msomaji mtiifu atatafuta kitambaa. "Papasa" nalo ni tendo la mtu aliye gizani, asiyejua kitu kiko wapi.

Neno hukubalika upesi likifika pamoja na kitu mkononi. "Kishikwambi" lilichekwa na wengi, lakini Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilipofanywa kwa vyombo hivyo, neno lilitembea na makarani hadi milangoni mwa watu, na leo hatusikii kicheko.

Limebaki jambo moja. Sokoni, simu ndogo ya vitufe yenye tochi huitwa "kitochi", na ile ya kioo huitwa "tachi". Maneno hayo mawili yanakaribiana mno kwa sauti, ilhali yanataja vyombo vinavyotofautiana sana kwa namna ya kutumiwa na kwa bei. "Kitochi" kimekwisha kuota mizizi, nasi hatuoni sababu ya kuking'oa. "Tachi" ndilo tunaloomba waandishi wa miongozo na matangazo waliache, na badala yake waandike "simu ya mguso".